Sanduku la Papa na Kisomeo cha Kampala

Goma, 14 Juni 2021

Mudogo wangu Luc,

Nakusalimia wewe na wote wanaokula nawe sahani moja huko Kampala. Sisi tungali wazima. Shemeji yako Bulonza anakohoa juu ya vumbi la mlima, lakini anakula, na mutu anayekula simwiti mugonjwa. Jirani wetu amezaa mapacha katikati ya matetemeko. Amewapa majina mazuri ya watakatifu, lakini kwenye parsela, uani petu, wote wanawaita Tetemeko Mukubwa na Tetemeko Mudogo.

Ya mlima umeyasikia kwa redio. Jumamosi ile jioni anga likawa jekundu, na lava ikashuka hadi Buhene ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Tukasema imekwisha. Kumbe ardhi haikuwa imemaliza. Siku nne, tano, ilitikisika hata sufuria zikacheza juu ya meza. Alhamisi asubuhi wakubwa wakatangaza kwamba sisi wa Majengo, na mitaa mingine, tutoke mara moja.

Watu walibeba magodoro. Mimi nilibeba sanduku la Papa, lile la bati, na vitabu vyote thelathini na nane ndani. Bulonza akaniuliza, "Na unga?" Nikamwambia, "Unga beba wewe." Tulitembea mpaka Sake. Mama mmoja njiani aliona shingo yangu inavyotetemeka, akasema, "Mama, umebeba zahabu?" Nikamjibu ni vitabu. Akacheka mpaka akasimama. "Bitabu! Na kesho mutakula bitabu?"

Sasa tumerudi. Nyumba ina nyufa ninazoweza kupitisha mkono, kwa hiyo tumehamia Ndosho, chumba kimoja na sebule. Sanduku liko chini ya kitanda.

Niliona ulinipigia simu mara tatu. Kwa simu sina maneno, Luc. Tunapiga kelele "allô, unanisikia?" kisha mtandao unakatika. Barua hii ataileta Mirindi, yule muchuuzi wa vitenge, akija Kampala kununua mali. Ukitaka kunijibu, mupe yeye.

Yaya wako,
Kanyere


Kampala, 20 Septemba 2021

Yaya Kanyere,

Nimekusoma mara nyingi, na kila mara nimekuona unatembea. Musalimie shemeji. Umwambie kikohozi cha vumbi anywe maziwa, hata kama yeye hapendi. Mimi niko, kazi iko: bado natengeneza simu na tableti kwenye duka la yule Muganda. Macho yananiwasha lakini mikono ingali mizuri.

Yaya, wewe dada yangu mukubwa, nakuomba usiudhike. Ulitembea hadi Sake na sanduku kichwani, na una miaka arobaini na sita. Mlima utarudi. Na kama si mlima, ni bunduki. Utabeba mara ngapi?

Ninakutumia kitu. Muteja mmoja alirudi kwao Ulaya akaniachia kimashini cha kusomea vitabu. Wenye Kifaransa wanakiita liseuse. Kioo kilikuwa kimepasuka, nimebadilisha. Ni kizito kama kipande cha sabuni tu, na ndani nimekuwekea vitabu mia tatu na kumi na viwili, vya Kifaransa na vya Kiswahili. Maandishi unaweza kuyafanya makubwa kama unavyotaka. Kina mwanga wake wenyewe, huhitaji taa. Ukikichaji siku moja, kinakaa majuma. Siku ya kukimbia, unakitia katika kifua chako na kushika mkono wa Bulonza. Sanduku liache. Mimi nakuambia, liache.

Na neno lingine. Nimekuuliza kwa simu, sasa nauliza kwa kalamu. Mwaka jana, Papa alipokuwa anakufa na mipaka imefungwa juu ya ugonjwa ule wa dunia nzima, nilibaki huku kama mufungwa. Ni wewe ulikuwa kando yake. Alisema nini siku zile za mwisho? Uniandikie hata mustari mmoja.

Mudogo wako,
Luc


Ndosho, 3 Desemba 2021

Mudogo wangu,

Pokea salamu za Noeli zikiwa mapema, maana sijui Mirindi atarudi lini. Bulonza amekunywa maziwa. Amesema hakusikia tofauti yoyote, lakini anaomba tena. Nimepata saa kumi na mbili za kufundisha kwa posho, yaani kila juma, katika shule ndogo ya hapa, nashukuru.

Kimashini kimefika. Mimi nakiita kisomeo. Ni kizuri. Nimekishika kama vile mutu anashika yai la mutu mwingine. Nimefungua, nikasoma kurasa sita, kisha nikakirudisha ndani ya kitambaa chake.

Usikasirike, nikuambie kinachonishinda. Kitabu cha Papa nikikifungua, kinanuka Birere. Unakumbuka alivyotandaza bashi yake, lile turubai, pale kando ya barabara, vitabu vya kuuza vimepangwa, na mvua ikitisha tunakimbia kuvifunika kabla ya kujifunika sisi? Vina alama za vidole vyake. Kisomeo hakinuki kitu. Nikimaliza ukurasa, unapotea, na sijui uko upande gani. Vitabu mia tatu, na hakuna hata kimoja ambacho mutu aliwahi kukunja pembe.

Tena hapa umeme unakuja ukipenda.

Nakushukuru hata hivyo. Nimekiweka ndani ya sanduku, juu ya vingine.

Mvua ni nyingi mwaka huu.

Kanyere


Kampala, 27 Februari 2022

Yaya,

Salamu kwa shemeji na maziwa yake. Nilikuwa na malaria, sasa imekwisha.

Umenicheka vizuri: kisomeo ndani ya sanduku! Nimekutumia kitu cha kukuokoa na mzigo, nawe umeongeza uzito wa mzigo. Basi.

Nasikia huku kwamba waasi wa zamani wamerudi tena katika milima ya Rutshuru. Mirindi anasema njia ya Bunagana ingali wazi lakini madereva hawaongei tena wakiendesha. Yaya, ukisikia bunduki karibu, usifanye kama mwaka jana. Niahidi.

Nilikuuliza neno, na wewe umenijibu mvua. Papa alisema nini?

Luc


Ndosho, 11 Desemba 2022

Mudogo wangu Luc,

Miezi tisa. Najua. Barua yako ilinifikia Julai, mukunjo juu ya mukunjo, kwa sababu Bunagana ilianguka mikononi mwa waasi Juni na Mirindi alikaa huko akingoja njia. Siku hizi anazunguka kwa Rwanda. Tuko wazima. Bulonza anajenga ukuta wa shule Keshero. Mapacha wa yule jirani wanatembea.

Nikuambie kazi yangu mupya. Tangu Oktoba na Novemba watu wameshuka kutoka Rutshuru wengi kama siafu. Wako Kanyaruchinya, kwenye mawe yale meusi, chini ya mabashi, mvua ikiwapiga chini na juu. Paroko alitafuta walimu wa kuwafundisha wamama kusoma. Nikajitolea. Naenda siku tatu kwa posho.

Siku ya kwanza nilikwenda na kisomeo chako. Nilisema: kina maandishi makubwa, wataona. Wamama kumi na wanane walikaa chini. Nikampa wa kwanza, Nyiransengimana, mama mukubwa aliyetembea kutoka Rugari na wajukuu wawili wasichana. Alikishika, akasoma herufi tatu, akafurahi. Lakini wa pili alingoja, wa tatu akangoja, na wa kumi na nane alikuwa amekwisha kulala. Kimashini kimoja, macho mawili tu. Tena Nyiransengimana aliniuliza, "Mwalimu, nikienda nacho kwenye bashi yangu, utakubali?" Sikuweza kukubali. Wangemwibia, au wangemupiga juu yake.

Nikarudi nyumbani, nikafungua sanduku. Nilitoa kile kitabu cha ufugaji wa kuku, cha wamisioni, chenye maandishi manene. Unakijua. Ndicho Papa alitufundishia kusoma, mimi kwanza, kisha wewe. Ukurasa wa mwisho uliandika LUC kwa penseli, na C ikiangalia nyuma.

Nilikaa nacho tangu saa nane mpaka saa kumi. Kisha nikachukua wembe, nikakata uzi wa mgongo wake, nikakigawanya karatasi kwa karatasi.

Sasa kila mama ana karatasi mbili za kwake. Analala nazo, anazikunja ndani ya kitenge, anazisoma akipanga foleni ya maji. Ijumaa wanabadilishana. Nyiransengimana alipata karatasi ya magonjwa ya kuku. Hana kuku hata mmoja, walibaki Rugari, lakini amejua karatasi yote. Alinisomea akisimama: "Ku-ku mu-gon-jwa hu-ji-te-nga." Kisha akasema, "Hata mutu ni vile."

Ukurasa wako sikuugawa. Uko kwangu.

Najua itakuuma. Niliona bora uisikie kwangu.

Kanyere


Kampala, 5 Machi 2023

Kanyere,

Afya ninayo.

Kwa juma zima nimekuwa na hasira na wewe. Nilitaka kukuandikia: ulikataa kuacha sanduku barabarani, ukavunja shingo kwa ajili yake, kisha umekaa chini na wembe, wewe mwenyewe. Nilitaka kuandika kwamba kitabu kile hakikuwa chako peke yako. Nimeandika karatasi tatu, nimezichoma.

Nimeona kwamba sina haki. Na sababu ya kutokuwa na haki sijamwambia mutu tangu nikiwa na miaka kumi na tatu. Soma ukiwa umekaa.

Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji, tulikimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda. Unakumbuka Papa alikuwa na masanduku mawili. Moja alibeba mwenyewe. La pili, dogo, alinipa mimi. Wewe ulikuwa mbele na Mama. Tulipotengana katika umati, Papa na mimi, nilichoka. Nililitua kando ya barabara, nikaketi juu yake. Watu wakapiga kelele kwamba stasheni ya esanse, ile ya mafuta ya magari, inalipuka, wote wakakimbia. Nami nikakimbia. Sikugeuka.

Nilipowapata Gisenyi, Papa hakuniuliza kama niko muzima, aliona mwenyewe. Aliuliza, "Na sanduku?" Nikasema askari wamelichukua. Niliona ni jibu zuri. Wakati ule askari walichukua kila kitu, na hakuna mutu aliyeuliza mara ya pili.

Papa aliuliza. Unajua mengine. Tuliporudi, alikwenda kwenye kambi ya wale waliotawala mji, na kofia mkononi, kudai vitabu vyake. Walimupiga. Lile sikio la kushoto lililokufa, lililomfanya ageuze kichwa kama ndege kila tukimuongelesha, ni mimi, Yaya. Si askari. Walimupiga kwa kitu ambacho hawakuchukua.

Miaka ile yote nilimuona akigeuza kichwa, na sikusema. Nikaenda Kampala. Mulifikiri ninatafuta maisha. Hata mipaka ilipofunguka baada ya msiba, sikuja, nikasema ni kazi. Si kazi.

Ndiyo sababu ya kisomeo. Sitaki mutu wa kwetu abebe tena sanduku.

Sikuulizi tena alisema nini. Sistahili.

Luc


Kampala, 18 Agosti 2024

Yaya,

Mirindi anasema alikupa barua yangu mkononi, na kwamba uliisoma umesimama mlangoni, ukaingia ndani bila kumkaribisha. Umepita karibu mwaka mmoja na nusu. Ananiambia mungali hai, wewe na shemeji, na hiyo inanitosha kulala.

Kama hutaki kuniandikia, andika jina lako tu kwenye karatasi, umpe.

Luc


Ndosho, 23 Februari 2025

Mudogo wangu Luc,

Tuko hai. Ninaanza na hilo kwa sababu najua utalitafuta kwanza. Mimi, Bulonza, Nyiransengimana na wajukuu wake wawili, ambao walikuwa kwetu vita ilipoingia mjini mwisho wa Januari.

Mirindi atakuhadithia ya barabarani. Mimi nitakuhadithia ya ndani. Siku nne hatukutoka. Madirisha tuliziba na magodoro, kwa hiyo hata mchana ndani kulikuwa giza kama tumbo la sufuria. Umeme hakuna, maji hakuna. Mabomu yalipita juu ya bati, tukalala chini, sote watano, kifua kwenye sementi. Mujukuu mukubwa, Igihozo, alianza kutetemeka na hakuweza kuacha. Nyiransengimana akaniambia, "Mwalimu, musomee."

Nisome nini, gizani? Nikakumbuka. Nilivuta sanduku, nikatoa kisomeo. Nilikuwa nimekichaji Krismasi. Kikawaka, mwanga mudogo tu, wa kutosha nyuso zetu. Nikasoma. Sauti ikikauka, namupa Nyiransengimana, naye anasoma polepole, kidole juu ya kioo, na ukurasa unaruka kwa sababu amegusa, analaumu, watoto wanacheka. Walicheka, Luc, siku ile! Tulimaliza kitabu kizima na nusu ya kingine. Kwa hiyo nakushukuru. Nilikidharau, na nimekosa.

Siku ya tatu mujukuu mudogo akaanza kuharisha. Maji yaliyobaki yalikuwa ya mvua, machafu. Makala yalikwisha. Nje huwezi kutoka. Bulonza aliliangalia sanduku. Nikafungua sanduku tena. Nilianza na vile vya sheria za biashara, kwa sababu Papa hakuvisoma kamwe, alikuwa akiviuza tu. Vitabu vinene vinawaka vibaya, lazima upasue. Vitano, kumi, ishirini na zaidi. Vilichemsha sufuria mbili. Mutoto alikunywa, akakaa, amepona. Vimebaki kumi na moja. Lile sanduku la bati sasa linakokoteka kwa mkono mmoja.

Sasa niseme kile nilichokataa. Sikunyamaza kwa sababu ya sikio la Papa. Nilinyamaza kwa sababu ya wivu wangu.

Papa aliugua siku tisa. Nilimulisha, nilimuosha, nilimugeuza. Na siku zote tisa hakuniita Kanyere hata mara moja. Aliniita Luc. Nilipomupa uji: "Asante, Luc." Mwanzoni nilimurekebisha, "Papa, ni mimi." Alikuwa anageuza kichwa, ananitazama, kisha, "Ndiyo, Luc." Siku ya tano nikaacha. Nikaitika. Nilikuwa wewe siku nne nzima. Na nilikuchukia, mudogo wangu, wewe uliye Kampala na unapendwa namna hii, na mimi niliye pale sina jina.

Siku ya mwisho, asubuhi, aliniuliza: "Luc, sanduku ulilitua wapi?"

Sikuelewa. Nilifikiri anasema hili la chini ya kitanda. Nikamwambia, "Liko hapa, Papa."

Akasema, "Basi. Pumzika. Lilikuwa zito kwako."

Halafu hakusema tena.

Niliposoma barua yako mlangoni, Mirindi akinitazama, ndipo nilijua anaongea nini. Hakusema "lililochukuliwa". Alisema "ulilitua". Alijua, Luc. Sijui tangu lini, labda tangu siku ile ile ya Gisenyi. Labda alikwenda kambini akiwa anajua, kwa sababu hakutaka kukuita muongo mbele ya Mama. Au labda alijua baadaye, wale walipomwapia kwamba hawakuona sanduku. Hilo alikwenda nalo.

Nilikunyima maneno yale tangu mwaka ule wa mipaka kufungwa, kisha miaka miwili tena baada ya kujua maana yake. Kwa nini, hata mimi sijui vizuri. Yalikuwa kitu pekee Papa alichoniachia, na yalikuwa na jina lako juu yake.

Sasa yachukue. Ni yako.

Kambi ya Kanyaruchinya imevunjwa. Nyiransengimana anarudi Rugari posho ijayo, kutazama kama nyumba iko. Nimemwambia abebe kisomeo. Amekataa. Ameomba karatasi zote za kuku, zishonwe upya. Zimebaki ishirini na sita. Tumeshona pamoja, kwa uzi wa magunia.

Benki zimefungwa, ndege hazitui. Mtandao unakuja na kwenda. Mimi sikuombi kitu. Lakini mutu akiuliza kama nina ndugu, nachoka kusema yuko mbali.

Yaya wako,
Kanyere


Gisenyi, 9 Machi 2025

Yaya Kanyere,

Barua hii haiendi mbali. Mirindi anavuka sasa hivi na vitenge vyake, mimi nimezuiwa kwenye foleni ya karatasi za mpaka. Wanasema nitapita kabla ya saa saba. Naiona Goma kutoka hapa. Naona moshi wa jikoni za watu, na bati zinang'aa kwa mvua iliyopita.

Nilipata barua yako juzi Ijumaa. Nilimuomba bosi ruhusa, akauliza ya siku ngapi, nikachukua mufuko wangu. Nilipanda basi usiku ule ule. Kutoka Kigali mpaka hapa nimekaa kando ya dirisha, na kila kona nilikuwa nasema ndani yangu, Papa, hapa nimepumzika, hapa tena. Mama mmoja kando yangu akanipa kitambaa bila kuniuliza kitu.

Sijaleta mashine yoyote. Nimeleta dawa za maji, sabuni, na viatu vya watoto wawili wasichana, nikikisia namba.

Nina mvi sasa, hapa na hapa. Nimenenepa. Usiniangalie kama wanavyoangalia mugeni, nitashindwa kuingia. Mirindi ananiambia mlango wenu ni wa bluu, wa pili baada ya fundi wa baiskeli. Usipike. Usiite majirani. Kaa tu mahali nitakapokuona nikifungua.

Luc